Kusaka Magari na Vyombo vya Zamani kwenye Yadi za Vyuma Chakavu Mashambani

Mtu anayeingia yadi ya vyuma chakavu kwa mara ya kwanza utamjua kwa pale anapokwenda. Anakimbilia kinachong'aa. Kuna gari limebakiza rangi nyekundu upande mmoja, naye tayari kashika mlango. Mzoefu anapita hapo bila kusimama. Anakwenda kwenye gofu lililoota majani hadi dirishani, anainama, anahesabu: vioo sita, vyote vipo. Taa za nyuma zipo. Vitasa vipo. Saa ya dashibodi ipo. Hapo ndipo anapotoa daftari.

Ilinichukua miaka kuelewa anachokifanya. Yadini, kilichoharibika kisikutishe sana, ogopa kinachokosekana. Injini iliyoganda hufunguliwa. Bati lililotoboka hukatwa na kuungwa jipya. Lakini pete ya taa ya gari lililoacha kutengenezwa miaka sitini iliyopita, au kitufe kimoja cha redio, unaweza kukisaka mpaka ukachoka. Niliwahi kununua redio ya mezani kwa sababu kasha lake lilikuwa zuri mno. Ilikosa vitufe viwili tu. Mpaka leo imekaa kabatini na vitufe viwili nilivyochonga kwa mti, na kila mgeni huviona hivyo kwanza.

Hatua ya 1: Chagua yadi, na chagua msimu

Yadi ya mjini ni kituo cha kupita. Ardhi ni ghali, kwa hiyo kilichoingia wiki hii kinaweza kuwa kimeshakandamizwa wiki ijayo. Mashambani hesabu inageuka: nafasi ipo tele, ila kusafirisha chuma hadi kiwandani kunakula faida. Ndiyo maana vitu hukaa huko miaka thelathini, arobaini, vikingoja bei ipande. Na bei ikipanda, mashine ya kukandamiza magari hubebwa juu ya lori na kupelekwa hukohuko. Yadi iliyolala tangu enzi za kabureta humalizika kwa siku chache. Msakaji makini hufuatilia bei ya chuma kama mkulima anavyofuatilia mvua.

Usianzie kwenye yadi zenye mabango makubwa. Waulize mafundi wazee wa gereji, madereva wa magari ya kuvuta, na wanaonunua matrekta mabovu. Hao wanajua nani ana nini nyuma ya nyumba. Picha za setilaiti kwenye ramani za simu nazo husaidia. Mapaa ya magari yaliyopangana ovyo nyuma ya ghala la shamba, mengine yamemezwa nusu na miti, hayo si maegesho.

Jiulize pia mahali hapo palikuwa na nini zamani. Karakana ya reli, mgodi uliofungwa, hospitali ya misheni, hoteli ya kando ya barabara kuu: kila kimoja huacha mabaki ya aina yake. Palipochelewa kupata umeme ndipo penye friji za mafuta ya taa, karabai na pasi za mkaa. Palipokuwa na hoteli, tazamia mashine za kukorogea unga na feni nzito za chuma.

Kuhusu msimu ni rahisi: nenda majani yakiwa yamekauka au yameanguka. Kichaka kikiwa kibichi utapita hatua mbili kutoka kwenye gari zima usilione.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, kisha omba kusimuliwa

Yadi haina uzio, lakini ina mwenyewe. Kuingia bila kuulizia ni wizi machoni pa mwenye mali hata kama hujagusa kitu, na mbwa hawana muda wa kusikiliza maelezo. Salimia, sema umekuja kufanya nini, uliza masharti: unaruhusiwa kufungua boneti? Kufungua skrubu mwenyewe, au vijana wa pale ndio hufungua? Kupiga picha?

Kisha nyamaza umwache azungumze. Vitu vizuri mara nyingi haviko uwanjani kabisa. Viko ndani ya banda, na banda halionyeshwi siku ya kwanza. Mzee mmoja alinizungusha yadi yake mara tatu kwa miezi kadhaa bila kutaja banda la nyuma, ingawa tulipita mlangoni kwake kila mara. Nami sikuuliza. Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilipima.

Swali ninalolipenda kuliko yote: "Nini kilikuwa hapa kabla hujaanza kununua chuma?" Jibu lake hukupeleka kwenye mabaki ya chini kabisa, yale ambayo yadi ilijengwa juu yake.

Hatua ya 3: Vaa, beba, na ujue kitakachokuumiza

Viatu vizito vya soli ngumu, glavu za ngozi, mikono mirefu. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapita miaka kumi. Kwenye begi weka tochi, bisibisi refu, spana chache, koleo, brashi ya waya, mafuta ya kulainisha kutu, kioo kidogo cha kuchungulia pasipofikika, chaki, mifuko ya plastiki yenye zipu, na sumaku uliyoivisha kitambaa laini. Maji ya kunywa pia. Watu husahau maji.

Hatari kubwa si kutu. Ni magari yaliyopandishwa moja juu ya jingine: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na gari lenzake, hata kama unachokitaka kiko mkono mmoja tu kutoka hapo. Usiingize mkono usipopaona. Nyoka hupenda chini ya viti, nyigu hujenga ndani ya milango na kwenye bomba la moshi. Panya hujaza kila kitu kinyesi, na kinyesi hicho kikikauka hupeperusha vumbi lenye magonjwa, kwa hiyo kilowanishe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kukifuta. Usikifagie kikavu.

Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Usilichomelee, usilikate kwa moto, usiwashe kiberiti karibu ili uone kama lina kitu. Bitana za breki na klachi za magari ya zamani zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa hewa.

Hatua ya 4: Soma gari

Anza na namba, kabla moyo haujapenda. Namba ya chesisi hukuambia gari ni nini hasa, maana yadini boneti ya gari hili huwekwa kwenye lile na nembo huhama. Kwenye Volkswagen Beetle namba imepigwa juu ya mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia modeli za 1981 yana namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa magari ya soko hilo, namba fupi zaidi ya hiyo kwa kawaida ni dalili ya gari la kabla ya hapo. Linganisha namba iliyopigwa na ile ya kibati kilichopigiliwa ribiti. Kama ribiti ni mpya na kibati ni cha zamani, uliza maswali, na kama majibu hayaeleweki, ondoka.

Ukitaka kujua gari limesimama tangu lini, soma matairi. Kuanzia 2000 ubavu wa tairi hubeba tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3507 ni wiki ya 35 ya 2007. Msimbo wenye tarakimu tatu ni wa kabla ya 2000. Tairi haisemi umri wa gari, inasema lini mtu alilijali kwa mara ya mwisho.

Sasa shuka chini. Rangi ya juu ni porojo; ukweli uko kwenye chesisi, sakafu na chini ya milango. Pigapiga chuma kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Penye shaka sukuma ncha ya bisibisi, kama mwenyewe karuhusu. Ikizama, jua ni sahani ya kutu iliyopakwa rangi. Pitisha sumaku kwenye madgadi na kingo za milango. Isiponasa, fundi fulani alishaficha shimo kwa fila, ule udongo wa kuzibia bodi.

Isipokuwa kwenye Land Rover za zamani. Hapo sumaku haitanasa kwenye sehemu kubwa ya mabati ya nje, nawe usimlaumu fundi: tangu ya kwanza ya 1948 bodi zake zilitengenezwa kwa aloi ya alumini, huku chesisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na abiria vikibaki chuma. Matokeo yake ni gari linaloonekana zima kutoka mbali, na chesisi inayomomonyoka ukiigusa. Alumini inapogusana na chuma penye unyevu, ndipo alumini yenyewe huliwa na kuwa unga mweupe. Angalia kila mahali alumini na chuma vinapokutana.

Kila gari lina ugonjwa wake. Beetle huoza kwenye mirija ya kupitishia joto, ile iliyo chini ya milango pande zote mbili, na mahali pa betri chini ya kiti cha nyuma, kwa sababu asidi imedondoka hapo miongo mingi. Mercedes-Benz za toleo la W123, zilizoanza kuuzwa 1976, zikague penye sehemu za kupigia jeki na kingo za madgadi ya mbele. Habari njema ni kwamba magari yaliyouzwa kwa wingi huwa na spea kwa wingi. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico 2003. Ukilinganisha Beetle mbovu na gari la fahari ambalo zilitoka mia chache tu, mimi nitamshauri anayeanza achukue Beetle bila kufikiri mara mbili. Gari adimu ni la mtu mwenye gari la kawaida lililokwisha kukamilika nyumbani.

Baada ya hapo hesabu vitu vidogo, na hapa usiwe na haraka. Vioo, hasa cha mbele na vile vilivyopinda. Taa na pete zake. Mistari ya kromu, nembo, vitasa vya ndani na nje, vipandishio vya vioo, kofia za rimu, usukani, mita zote za dashibodi, kabureta, kasha la chujio la hewa. Fungua buti, inua zulia, tafuta chini ya viti. Watu waliokuwa wakifungua gari taratibu walitupia vipande ndani, na mara nyingi kinachokosekana nje kimelala chini ya kiti kwenye mfuko ulioliwa na panya. Nina fomu yangu ya ukurasa mmoja yenye vitu arobaini. Kila kilichopo napiga alama, kila kisichopo naandika ugumu wa kukipata kwa namba 1 hadi 5. Vyenye namba 5 vikifika vinne, naaga.

Injini iache mwisho. Kama imekamata, usijaribu kuizungusha kwa starta. Utavunja pete za pistoni au kupinda kitu. Toa plagi, mimina kwenye kila silinda mchanganyiko nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, acha siku kadhaa, kisha jaribu kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki, mbele na nyuma, taratibu. Yadini huwezi kungoja hivyo, basi angalia tu haya: plagi zote zipo? Kabureta ilikuwa imefunikwa? Shimo la plagi lililobaki wazi kwa miaka limekunywa mvua yote. Na mahali penye baridi ya kugandisha, mulika ubavu wa bloku utafute ufa, maana maji yaliyobaki ndani huganda, hutanuka na kupasua chuma.

Hatua ya 5: Soma vyombo

Watu wengi huenda kwa ajili ya magari na kupita vyombo bila kuvitazama. Afadhali kwetu. Friji ya zamani inaingia kwenye gari dogo la mizigo, cherehani inaingia mapajani, na hakuna inayohitaji gereji.

Friji kwanza. Tazama kitasa. Kama mlango unajifunga kwa komeo la chuma lisiloweza kusukumwa kutoka ndani, umeshika chombo cha zamani na cha hatari. Watoto walijificha humo wakafa kwa kukosa hewa, mpaka Marekani ikapitisha sheria 1956, iliyolazimu friji zilizotengenezwa kuanzia 30 Oktoba 1958 zifunguke kutoka ndani. Kwa hiyo komeo ni kalenda yako, na ni sababu ya kung'oa komeo hilo au mlango wenyewe kabla friji haijapakiwa. Lihifadhi mahali pengine, usilipoteze, lakini ling'oe.

General Electric walitoa 1927 friji yenye mitambo yote juu ya kichwa chake kama kofia ya duara, ile wapenzi wanayoiita Monitor Top. Ukikutana nayo utaijua. Gesi iliyotumika kwenye za mwanzo ni dioksidi ya salfa, inayonyonga pumzi ikivuja, kwa hiyo usikate bomba lolote. Friji za baadaye zina gesi za jamii ya freoni, ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziweka kwenye orodha ya kuondolewa kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Hazipaswi kuachiwa hewani. Fundi wa friji mwenye mashine huzinyonya. Ndani, hesabu: rafu, trei za barafu, kijilango cha sehemu ya kugandishia. Hicho kijilango ndicho huvunjika kwanza, na ndicho hakipatikani.

Friji ya mafuta ya taa ina hadithi yake. Haina kompresa wala mota. Wanafunzi wawili wa Uswidi, von Platen na Munters, waliibuni 1922: moto unachemsha amonia, amonia inazunguka yenyewe, ndani kunapoa. Zunguka nyuma yake. Ukiona unga au madoa ya njano kwenye mabomba, ile dawa ya kuzuia kutu iliyokuwa ndani imevuja nje, na mfumo umekufa. Usiuguse unga huo kwa mkono mtupu, una sumu. Kama hakuna njano, bado kuna matumaini hata kama haipoi. Mafundi wa zamani huigeuza kichwa chini kwa saa kadhaa ili maji yaliyokwama ndani yarudi mahali pake, kisha huisimamisha na kuiacha itulie. Mara nyingine inafufuka, nawe huwezi kuamini macho yako.

Redio za valvu, zile zenye taa za kioo ndani badala ya transista: kasha la bakelaiti, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland 1907, lisugue kwa kidole gumba mpaka lipate joto, kisha linuse. Litanukia dawa ya hospitali. Angalia nyufa pembeni, fungua nyuma uone kama valvu zote zipo na spika haijatoboka, hesabu vitufe (nimeshasema). Kisha fanya kazi ngumu kuliko zote: usiichomeke. Kapasita za zamani hukauka, na umeme kamili ukiingia ghafla huunguza transfoma, ambayo ndiyo moyo wa redio. Niliunguza moja hivyo, moshi ukatoka kabla ya wimbo. Badilisha kapasita kwanza, halafu washa kwa kupitia balbu ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo na redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Jua pia kwamba redio nyingi zisizo na transfoma huweka umeme wa ukutani kwenye chesisi yake ya chuma. Skrubu moja iliyobaki bila kifuniko inatosha kuua mtu.

Kabla ya kuchomeka chochote kilichotoka nchi nyingine, soma kibati. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, sehemu kubwa ya dunia hutumia 220 hadi 240 na hezi 50. Volti unaweza kuibadilisha kwa transfoma, lakini hezi haibadiliki kwa transfoma. Gramafoni ya umeme ya hezi 60 ikiwekwa kwenye hezi 50 itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike ataimba kama kaka yake.

Cherehani ndiyo zawadi ya yadi. Ni chuma cha kusubu, imejengwa kuishi kuliko aliyeinunua. Iliyoganda mara nyingi haikuharibika. Mtu aliipaka mafuta ya kupikia yakageuka gundi. Mafuta ya taa kidogo kwenye kila kiungo, joto la mashine ya kukaushia nywele, subira, kisha mafuta halisi ya cherehani, nayo inaanza kuzunguka. Namba za Singer tangu 1900 huanza na herufi, na kwa herufi hizo mwaka wa kutengenezwa hujulikana. Ukiona ndogo nyeusi ambayo ni nyepesi isivyo kawaida na sumaku hainasi kwenye mwili wake, shika vizuri: huenda ni Singer 221, iliyotoka 1933 kwa alumini, ya uzito wa kilo tano hivi, na wanaoitafuta ni wengi. Kwenye mashine za zamani zaidi, telezesha bamba la chini ya mguu uone kama kile kidude chenye umbo la risasi kinachobeba uzi wa chini kimo. Hakimo? Punguza hamu. Na maua ya dhahabu yaliyochorwa mwilini usiyafute kwa spiriti. Yatabaki kwenye kitambaa chako.

Vingine kwa haraka. Feni yenye tundu kubwa kwenye kizuizi chake ni nzuri rafuni na mbaya kwa vidole. Jiko la Primus, lililobuniwa Uswidi 1892, likikataa kupampu kwa kawaida ni kile kingozi cha ndani kilichokauka. Kiloweshe kwa mafuta. Tosta ya Sunbeam T-20 ya 1949 hushusha mkate yenyewe bila kusukumwa, na ukiikuta usiitikise. Kofia za karabai za zamani, zile soksi zinazong'aa juu ya moto, zina toriamu, ambayo hutoa mnururisho kidogo, kwa hiyo usivute vumbi lake puani.

Hatua ya 6: Kama kitu kizima hakifai, chukua vipande

Gari lililooza chesisi bado linaweza kuwa ghala la vitu ambavyo mwenzako anavikosa. Chukua vile vidogo visivyotengenezwa tena: vioo, mita, vitasa, kromu, swichi. Chukua pia boliti na vishikizo vyake, kila kipande kwenye mfuko wake, umeandikwa umetoka wapi na upande gani. Waya za umeme usizikate karibu na viungio vyake. Acha shubiri moja ya waya ili rangi zionekane.

Hatua ya 7: Bei na karatasi

Mwenye yadi alinunua kwa uzito. Ukijua kitu kina kilo ngapi na chuma kinauzwaje siku hiyo, unajua bei ambayo chini yake hatauza. Toa juu ya hapo, kwa heshima. Usiidharau mali yake ili upunguziwe. Kumwambia mtu kwamba gari lake ni takataka halafu ukatoa pesa kulinunua ni kumwona mjinga. Mwambie kinachokosekana, mwonyeshe orodha yako. Orodha hubishana vizuri kuliko mdomo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dai hati ya mauziano yenye namba ya chesisi, tarehe, majina na sahihi. Kadi ya gari kama ipo, hata imeliwa na panya, ni ya thamani kuliko injini. Sheria za kusajili upya gari lililofutwa hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo peleka namba kwa mamlaka ya usajili na polisi kabla ya kulipa. Gari lisiloweza kupata karatasi lilipie kwa bei ya spea.

Hatua ya 8: Litoe bila kulivunja

Gari lililokaa miaka ishirini limezama. Liinue kwa jeki juu ya mbao, gurudumu moja moja, uweke mbao chini ya matairi. Breki zilizonasa hulegezwa kwa kurudisha nyuma virekebishi vya drami na kugonga drami kwa nyundo kuzunguka. Usivute kwa bampa wala kwa fimbo za usukani. Funga mnyororo kwenye chesisi au penye mshiko wa springi, na watu wote wasimame mbali na mnyororo unaokaza.

Kwenye trela, uzito uwe mbele kidogo ya ekseli. Uzito ukikaa nyuma, trela itayumba barabarani hadi ikushinde. Beetle, yenye injini nyuma, hupakiwa ikiangalia nyuma ndipo uzito ukae sawa. Funga boneti kwa kamba hata kama inaonekana imejifunga: komeo lenye kutu huachia kwenye mwendo. Vioo vilivyolegea vitoe, vifunge kwenye blanketi. Friji isafirishwe imesimama, na ikifika iache saa nyingi kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Usifungue skrubu hata moja. Piga picha mia mbili kwanza: kila waya, kila kona, kila upande wa kila kitu. Miezi sita baadaye hutakumbuka bomba lilipita juu au chini ya mabano, na picha moja itakuokoa Jumamosi nzima.

Sehemu ndogo za chuma na za chuma cha kusubu zisafishe kwa elektrolisisi: ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kimoja kwa kila lita, chaja ya betri. Waya hasi kwenye kitu chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha chuma kisicho na thamani. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Usitie alumini, italiwa. Fanya nje, kwa sababu mapovu hayo ni haidrojeni. Kesho yake kutu inabanduka kwa brashi. Paka mafuta mara moja, la sivyo itarudi kabla ya chakula cha jioni.

Rangi ya nje usiipige msasa kwa pupa. Rangi iliyofifia na kuchakaa kwa jua la miaka hamsini haiwezi kurudishwa ikishaondoka, na wanunuzi wengi siku hizi huitaka hivyohivyo. Ioshe, ipake nta, uitazame mwezi mzima kabla ya kuamua.

Na chombo kikiwaka, au gari likitembea hata mita kumi kwa nguvu zake lenyewe, mpelekee mwenye yadi picha. Mzee yule niliyemtaja, picha ya tatu ilipomfikia, ya cherehani ikishona pazia, alinipigia simu kuuliza kama Jumamosi nina nafasi na kama nina tochi, maana balbu ya banda la nyuma imeungua.